Ofisi Arusha, tawi Moshi: ununue nini ili mchore modeli moja?

Arusha na Moshi zimeachana kilomita 80 hivi, na hadi leo kuna ofisi za ubunifu majengo zinazompa flashi ya michoro dereva wa Coaster. Flashi inafika salama. Shida ni kwamba ikifika Moshi, Arusha wameshahamisha ngazi kwenye mchoro.

Nawaandikia wenye ofisi ndogo, watu watatu hadi kumi, wanaotumia Revit au Archicad (programu za kuchora jengo zima kama modeli ya 3D) na wanataka kuchora jengo moja kwa wakati mmoja. Kabla hujampigia muuzaji yeyote, pima kasi ya intaneti katika ofisi zote mbili, na uangalie kasi ya kupakia, si ya kupakua peke yake. Modeli ya MB 400 kwenye laini inayopakia kwa Mbps 5 huchukua kama dakika 11 kwenda yote. Mpangilio wa chaguo zangu nne hapa chini umetokana na hesabu hiyo.

Nafasi ya kwanza: mfumo wa mtengenezaji wa programu yenyewe

Kwa watu wa Archicad hapa hakuna mjadala. BIMcloud Basic, programu ya seva inayounganisha wachoraji wa Archicad, haina malipo ya ziada kwa mwenye leseni. Unaiweka kwenye kompyuta moja Arusha, na tangu Archicad 13 ya mwaka 2009, kinachosafiri ni mabadiliko tu, si faili zima. Unajitengea kuta za ghorofa ya pili. Mwenzako wa Moshi anaziona lakini hawezi kuzigusa mpaka uziachie. Umeme ukikatika Arusha, wa Moshi anaendelea na sehemu aliyojitengea, atatuma baadaye. Kompyuta hiyo iwe na UPS (betri ya akiba), na isiwe ile ile ya mhasibu.

Kwa Revit ni BIM Collaborate Pro, huduma ya mtandaoni ya Autodesk, watengenezaji wa Revit, ambayo wengine bado wanaiita kwa jina la zamani, BIM 360 Design. Faili kuu linakaa kwenye seva za Autodesk, kila mchoraji anafanyia kazi nakala yake kisha anasawazisha. Inafanya kazi vizuri, ila inauma mfukoni: unalipia kila mchoraji, juu ya leseni ya Revit yenyewe. Kwa hiyo hesabu wanaochora tu. Bosi anayetaka kutazama mtumieni PDF. Na Revit LT, toleo lililopunguzwa la Revit, msiiguse kwa kazi hii, haina kabisa uwezo wa watu wengi kuingia kwenye modeli moja, jambo ambalo muuzaji anaweza kulikumbuka ukishalipa.

Nafasi ya pili: kukaa Moshi, kuendesha kompyuta ya Arusha

Wengi wanaidharau hii, na kwa tawi la mtu mmoja au wawili mimi ningeanza nayo. Modeli haitoki Arusha. Kinachopita kwenye laini ni picha ya skrini na mibofyo ya mausi. Moshi inatosha kompyuta ya kawaida, lakini Arusha lazima kuwe na kompyuta nzuri kwa kila mchoraji wa mbali, yenye Windows Pro (Windows Home haipokei mtu wa nje kwa Remote Desktop, njia ya Windows ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali) na VPN, yaani njia salama ya kuingilia mtandao wa ofisi. Udhaifu wake ni mmoja: Arusha wakizimikiwa na jenereta halijawashwa, Moshi wanakunja mikono.

Nafasi ya tatu: Revit Server

Hii ni seva ya Autodesk inayokaa ofisini kwenu, si mtandaoni kwao. Ipo bila malipo ya ziada ukiwa na Revit, lakini inataka Windows Server (Windows ya kompyuta za seva), VPN kati ya ofisi, na fundi anayepatikana hata Jumamosi. Kama fundi huyo hamna, ruka.

Nafasi ya nne: kugawana kazi

Arusha wanashika usanifu, Moshi wanashika miundo (nguzo na mihimili), kila Ijumaa mnabadilishana nakala kwa Google Drive na kuziunganisha kama marejeo. Kwa mhandisi anayetumia programu nyingine, tumeni IFC, aina ya faili inayosomeka na programu tofauti. Ni rahisi, ila nguzo iliyosogezwa Jumatatu inajulikana Ijumaa.

Usinunue kwa kazi hii: nafasi zaidi ya Dropbox

Kuweka faili kuu la Revit kwenye folda inayojisawazisha ndiko kunakoharibu miradi. Dropbox haijui ukuta ni nini. Inaona faili moja limebadilika sehemu mbili. Wa Arusha akihifadhi, wa Moshi akihifadhi, asubuhi mnakuta mafaili mawili yenye jina karibu moja, moja limeongezewa maneno ya mgongano. Hapo mtu anachagua kazi ya nani itupwe. Folda hizo ni nzuri kwa PDF na picha za saiti, basi.

Jambo la mwisho kabla ya kutoa pesa: kubalianeni toleo, na mhandisi wa nje aulizwe pia. Modeli iliyohifadhiwa kwenye Revit 2025 haifunguki kwenye Revit 2024, na hakuna kitufe cha kuirudisha nyuma.