Ukaguzi wa majaribio kwa famasi, Arusha na Moshi: rafu wanazijua, haki zako bado

Wapo wafamasia wa kujitegemea wanaouza huduma ya ukaguzi wa majaribio kwa famasi za Arusha na Moshi: mtu anakuja dukani, anapekua kama mkaguzi wa kweli, kisha anakuachia ripoti. Upande wa wajibu wako wanaufanya vizuri. Upande wa haki zako wanaupitia juujuu, na huko ndiko famasi inakoumia.

Wanaanza ukutani: hati ya usajili wa jengo, kibali cha Baraza la Famasi na cheti cha mfamasia msimamizi vionekane, na mfamasia mwenyewe awepo. Halafu friji. Dawa za baridi zinakaa nyuzi 2 hadi 8, na kosa la kila siku ni kuisukuma insulini hadi igusane na bamba la barafu. Ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Kwenye rafu, dawa nyingi hazitaki kuzidi nyuzi 30, nyingine 25, na Moshi iko chini kuliko Arusha, joto lake la Februari ni kali. Kwa hiyo wanakitoa kipimajoto karibu na mlango na kukiweka rafu ya juu, kwenye joto zaidi. Daftari la joto lililojazwa kwa wino mmoja, nyuzi 5 asubuhi na jioni mwezi mzima, wanalikataa papo hapo. Wako sahihi kabisa: umeme ukikatika, friji lazima ipande.

Rejista ya dawa zinazodhibitiwa nayo wanaihesabu ipasavyo: salio la mwanzo, jumlisha zilizopokelewa, toa zilizotolewa kwa cheti cha daktari, kisha hesabu kilichopo. Kama kulikuwa na vidonge 100 vya diazepamu na vyeti vinaonyesha 64, vibaki 36. Vikiwa 34, upungufu unaandikwa mstari wake, na tarehe na sahihi. Kufuta au kupaka wino mweupe kunageuza kosa la hesabu kuwa tuhuma ya kughushi. Dawa zilizoisha muda zikae kando, kwenye sanduku lenye maandishi na orodha, zikisubiri kuteketezwa kwa utaratibu wa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Tatizo linaanza kwenye madai ya bima, yaani malipo unayoidai kampuni ya bima kwa dawa ulizowapa wanachama wake. Mkaguzi wa bima analinganisha kiasi ulichodai na ankara zako za ununuzi. Tuseme Januari hadi Machi ulidai vidonge 300 vya amlodipini, ankara za miezi hiyo zinaonyesha 200, basi 100 vinahesabiwa hewa. Lakini huenda vilinunuliwa Desemba. Bila hesabu ya stoo ya tarehe 31 Desemba, yenye sahihi, huna cha kuonyesha. Ripoti ya majaribio inakuandikia "weka ankara vizuri" na kuishia hapo, wakati ilipaswa kukulazimisha uhesabu stoo kila mwisho wa mwezi. Vipimo navyo vinaleta balaa: ankara imeandikwa pakiti 10, dai limeandikwa vidonge, na pakiti za dawa hiyohiyo zinatofautiana, hii ina 28, ile 30. Andika idadi ya vidonge pembeni ya ankara siku ya kupokea mzigo.

Na haki zenyewe? Kumzuia mkaguzi wa Serikali ni kosa, hilo wanalifundisha. Wanachosahau ni kwamba unaweza kuomba kitambulisho na barua ya kazi kabla hujafungua droo, na kuandika majina na saa ya kuingia. Mkaguzi wa kampuni ya bima aonyeshwe vyeti vya wanachama wake tu. Taarifa za afya za wagonjwa wengine zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kikichukuliwa kitu, omba orodha yenye jina la dawa, namba ya bechi, idadi na sahihi za pande zote mbili. Fomu ya matokeo isomwe yote, maelezo yako yaandikwe juu ya sahihi yako, nakala ibaki dukani. Nafasi tupu zipigiwe mstari. Hata mhudumu wa kaunta afundishwe haya, maana mfamasia anaweza kuwa ametoka dakika kumi tu.

Kabla ya kulipia huduma hii, mwombe mtoa huduma akuonyeshe fomu yake ya hesabu ya stoo ya mwisho wa mwezi na fomu ya kupokea mkaguzi. Akiwa nazo zote mbili, mlipe. Akikuambia "wakaguzi nawajua, nitaongea nao", mwage hapo hapo: faini halali inakuja na kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali na stakabadhi, na fedha ya mkononi inakuingiza wewe kwenye kosa la rushwa.