"Dawa yalala wapi?" Uzoefu wangu na huduma ya afya ya nyumba kwa nyumba, Malindi

Mgonjwa si mimi, ni mama yangu. Mimi ni mbeba kitabu chake cha kliniki, na kwa mwaka mmoja na ushei sasa tumekuwa tukitembelewa na mhudumu wa afya ya jamii hapa mtaani kwetu Malindi. Naandika kwa sababu najua wengi wakimwona yule dada anapita na begi lake mgongoni hurudishia mlango, wakidhani amekuja kuhesabu watu au kuuza kitu. Mimi mwenyewe nilimrudishia mara mbili.

Mama ana sukari ya miaka mingi. Vidonge vilipochoka kumsaidia akatiwa kwenye sindano, ile insulini ya rangi ya maziwa, asubuhi na jioni. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Halafu vipimo vikaanza kupanda: 16, 19, siku moja 23. Tulizunguka kliniki mbili tatu, sitataja ni zipi, na kote swali lilikuwa hilo hilo: "Mama, unadunga dawa au hudungi?" Mama akisema anadunga, daktari anamtazama, ananitazama mimi, kisha anaandika dozi kubwa zaidi. Yuniti 14 za asubuhi zikawa 20, zikawa 26. Mwenyewe nilikuwa nikimwona kwa macho yangu akijidunga tumboni, na sukari haisikii. Ilifika mahali hataki tena kwenda kliniki. Alisema amechoka kuitwa mrongo na watoto wadogo.

Hawa wahudumu ndio wale waliokabidhiwa vifaa na serikali mwezi wa Septemba 2023: mashine ya presha, kipima sukari, kipimajoto, mizani, utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Kila mmoja ana nyumba kama 100 za kuzungukia. Wa kwetu si daktari wala nesi. Ni mtu wa papa hapa, kwao twakujua, na mamake alikuwa akikaanga bajia tulipokuwa shule. Akikuta jambo lililomzidi huliingiza kwenye simu aliyopewa na kukuelekeza zahanati.

Mara ya tatu alipobisha hodi nilikuwa uani nafua, mama ndiye aliyemkaribisha. Akavua viatu, shikamoo, marahaba, akakaa mkekani. Akampima. 21. Nikajikaza nikingoja lile swali. Yeye akauliza jingine: "Mama, hii dawa yalala wapi?"

Dawa ilikuwa ikilala kwa jirani. Sisi hatuna friji. Jirani anayo, na ndiyo inayomlisha: huuza barafu kwa wavuvi wanaoteremka bandarini, na zile aiskrimu za mfuko kwa watoto wanaotoka chuoni, yaani madrasa. Dawa ya mama alituwekea bure, kwa wema tu. Dada akaomba kuiona. Tukavuka uchochoro sote watatu, mama nyuma na fimbo yake. Jirani akafungua mlango wa juu wa friji, akasogeza mifuko ya barafu, akaichomoa chupa kutoka chini yake. Imekuwa jiwe.

Jirani hakuwa na kosa. Mlango wa chini hufunguliwa kila dakika na watoto, stima nayo ikikatika au tokeni zikiisha chini ndiko kunakowahi kupata joto, kwa hiyo akaona dawa ya mwenziwe aipandishe juu penye baridi ya kweli. Dawa si yataka baridi? Na kila magharibi mjukuu alikuwa akitumwa kuifuata, mama anaifumbata kiganjani mpaka iyeyuke, ndipo avute kwenye sindano. Miezi mitano. Nami nilikuwa nikimwona akiifumbata, nikadhani ndivyo ifanywavyo.

Dada aliisubiri iyeyuke, akaiviringisha polepole baina ya viganja viwili, akaenda nayo mlangoni penye mwanga. "Njoo utazame." Ndani ya yale maziwa kulikuwa na chembe nyeupe zinaelea, nyingine zimenata kwenye kioo, kama maziwa yaliyoanza kukatika. Akatueleza kwamba insulini ikiganda mara moja tu imekufa, na kuyeyuka hakuifufui. Mama akaketi kwenye ngazi ya jirani, akasema, "Na mimi nikaitwa mrongo!" Akarudia mara tatu.

Ningetoa alama zote kwa swali hilo moja, lakini kilichofuata ndicho kilichonifanya nimwamini. Mimi nilikuwa tayari kukimbilia chupa mpya nimdunge mama zile 26. Dada akanizuia mkono. Zile 26, akasema, zilipangwa kwa dawa iliyokufa. Ukimpa kiasi hicho cha dawa iliyo hai sukari inaweza kuanguka usiku asiamke. Akatupeleka zahanati saa ile ile, kwa tuktuk, na nauli ya kwenda alilipa yeye. Daktari wa zamu akasikiliza kisa chote, akairudisha dozi kwenye 14, akataka mama apimwe asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Wiki ya pili tulianza kuona 9 na 10. Sikumbuki mara ya mwisho tulipoona tarakimu moja kwenye kile kimashine.

Sasa dawa inalala kwenye chungu. Chungu kikubwa, mchanga uliolowa, chungu kidogo katikati, kitambaa kibichi juu, kimewekwa ubavuni mwa dirisha panapopita upepo na jua halifiki. Msitegemee miujiza: hewa yetu ya pwani ina unyevu, na mwezi wa Machi chungu hakipoi kama cha watu wa bara. Lakini chupa iliyofunguliwa haihitaji baridi ya friji, yataka tu isipikwe na joto wala isigande, na ikitimiza wiki nne hutupwa hata kama imebaki. Kwa hiyo tuliomba kupewa chupa moja moja badala ya tatu kwa pamoja. Hasara yake ni safari ya kila mwezi, na tuktuk si bure.

Hapa nina neno la pembeni. Ukijisajili SHA, bima ya afya ya serikali, hii iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, unaulizwa ukuta wako ni wa nini, paa ni la nini, maji mnapata wapi, choo ni cha aina gani, mko wangapi nyumbani. Majibu hayo ndiyo yanayotumika kukadiria utalipa ngapi, maana mchango ni asilimia 2.75 ya mapato na haushuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Na sisi tusio na hati ya mshahara kwa kawaida tunatakiwa tutoe ya mwaka kwa mkupuo. Mimi niliyajibu yote kwenye simu, nikamaliza. Baadaye dada naye akauliza karibu yale yale: paa, maji, mko wangapi. Nikacheka. Lakini alipoambiwa paa ni mabati alisimama, akainua mkono juu ya kabati tulipokuwa tumepanga kuiweka dawa, akasema hapa saa nane mchana ni jiko.

Sasa lawama, kwa sababu zipo.

Ile ziara ya kwanza aliyoingia ndani, jirani alikuwa bado amesimama mlangoni dada alipouliza, kwa sauti ya mtu anayejaza fomu, "Jana usiku mulikula nini?" Mama akajibu papo hapo, "Wali, na samaki wa kupaka." Mimi nikatazama chini. Jana yake hakukupikwa. Watoto walipewa mkate na chai ya rangi, mama akasema ameshiba tangu mchana, kama anavyosema kila mara sahani zikiwa pungufu. Swali lilikuwa zuri, lakini mahali hapakuwa pake. Watu wa mitaa hii huficha njaa kama wanavyoficha ugomvi wa ndoa; ukimvunjia mtu mzima sitara yake mbele ya jirani utapewa samaki wa kupaka kila siku. Na kwenye simu ya dada ikaandikwa kwamba nyumba hii hula vizuri.

Ukweli ulitoka wiki sita baadaye, na ulitoka vibaya. Ilikuwa kusi, wageni wa hoteli wameondoka, na ndugu yangu mwendesha tuktuk alikuwa akirudi usiku amebakiwa na kitu kidogo sana baada ya kumpa mwenye tuktuk hesabu yake. Mama alidunga ya jioni kama alivyoagizwa, kisha sahani yake ikaenda kwa wajukuu. Saa tano usiku nikamkuta amelowa jasho, anatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Tulimkorogea sukari kwenye maji, kijiko baada ya kijiko, mpaka akarudi. Kumbe tangu dawa ipate nguvu alikuwa na hesabu yake mwenyewe ya siri: siku isiyo na chakula hadungi. Siku ile aliona haya kuruka kwa sababu dada angekuja kesho kupima.

Kesho yake dada alikuja, akamwomba mama waingie chumbani, wakafunga mlango. Walikaa humo karibu saa nzima. Sijui walisemezana nini na sijauliza. Lililotoka humo ni kwamba daktari wa zahanati alimwandikia mama nyuma ya kitabu la kufanya usiku ambao sufuria halikupanda jikoni, na simu ya nani ipigwe. Hakumwambia "ule vizuri, mama, mboga za majani kwa wingi", maneno tuliyopewa kwingineko na tukatoka nayo mikono mitupu.

Chakula chenyewe lakini hakikupatikana. Dada alitueleza Inua Jamii, zile shilingi 2,000 kwa mwezi za serikali kwa wazee waliofika miaka 70. Kwa hesabu ya nyumbani mama amepita. Kwa kitambulisho bado; aliyekiandika alimpunguzia miaka, na mama kwa muda mrefu alifurahia kupunguziwa. Kina mama wa msikitini wakajitolea kumletea chakula, mama akakataa, akasema yeye ndiye wa kupeleka sadaka na si wa kupelekewa. Mwisho yule jirani wa barafu, ambaye wavuvi wengine humlipa kwa samaki, akaanza kuleta kitoweo mara mbili tatu kwa wiki, na mama akaanza kumshonea kofia mwanawe. Hiyo si huduma ya afya, najua. Lakini dada alikuwa amekaa kwa jirani alasiri nzima siku moja kabla ya samaki wa kwanza kufika, na mimi si mtoto.

Niliwahi kusoma habari za daktari mmoja Mmarekani, Jack Geiger, aliyekwenda kujifunza kwenye kituo cha afya cha Pholela, Afrika Kusini, kisha miaka ya 1960 akafungua kituo chake huko Mississippi kwa watu maskini weusi. Watoto walikuwa wagonjwa kwa njaa, basi madaktari wakawa wanaandika chakula kwenye cheti kama wanavyoandika dawa. Familia inakwenda dukani, na bili inalipwa kwa fungu la dawa la kituo. Wazo la kituo cha namna ile lilianzia bara letu. Hapa kwetu kwenye simu ya dada kuna mahali pa kuandika kwamba nyumba haina chakula, na hakuna mahali pa kukitoa.

Jingine: huduma yote hii imesimama kwenye miguu ya mtu mmoja. Wanapewa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu na nusu kaunti, na kwa pesa hizo anazunguka jua kali na kulipia tuktuk za wagonjwa. Vijiti vya kupimia sukari vikiisha, kimashine kinakuwa pambo. Tumekaa wiki tatu hivyo mwaka huu. Alipokuwa na mtoto mgonjwa hakuna aliyekuja badala yake, na nyumba 100 zikangoja.

Kama ni nyota, natoa nne. Ya tano naibakisha mpaka nione chakula kwenye cheti.

Ukimkaribisha wa kwenu, mwingize ndani kwanza, mfunge mlango, ndipo ajibiwe. Muoneshe dawa inapokaa hata asipouliza. Na kama mgonjwa wako anatumia insulini, itazame kwenye mwanga kila siku kabla ya kuvuta. Dakika moja haifiki.

Juzi alikuja kwa ziara ya mwezi. Mama alimpa mkono apimwe, kisha akamshika yeye mkono kabla hajauondoa. "Na wewe mwanangu, jana usiku ulikula nini?" Dada akacheka, akasema wali na samaki wa kupaka. Mama akaniangalia, nikaenda kuteleka chai.

Chupa ya sasa imefunguliwa tarehe 3. Mama hakusoma skuli, alisoma chuoni tu, kwa hiyo ameiandika mwenyewe kwa mkaa ukutani juu ya chungu, tatu ya Kiarabu, ٣, na kila asubuhi anaongeza mstari pembeni yake. Leo imefika mistari kumi na moja.