Nafsi ya kwanza au ya tatu: nani asimulie hadithi yako?

Mwandishi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alitumia zote mbili katika riwaya zake: Rosa Mistika (1971) inasimuliwa kwa nafsi ya tatu ("yeye"), Kichwamaji (1974) kwa nafsi ya kwanza ("mimi"), sauti ya mhusika mkuu Kazimoto mwenyewe.

Kwa ukaribu, nafsi ya kwanza inashinda waziwazi. Msomaji anaishi ndani ya mawazo ya mhusika, na hasira na hofu zake zote. Lakini hapohapo uaminifu unayumba, maana msimulizi huyo anaweza kujidanganya, na mimi naipenda sana shaka hiyo. Kwa upana, nafsi ya tatu haina mpinzani: inaingia nyumba yoyote, inajua siri za baba na za binti. Inadai nidhamu tu, usirukeruke ovyo toka mhusika hadi mhusika.

Mgogoro wako umo moyoni mwa mtu mmoja? Chukua ya kwanza. Unaandika familia au kijiji kizima? Ya tatu itakufaa zaidi.