Tathmini ya Ofisi ya Ushauri wa Kazi Mjini Unguja: Kwa Anayefikiria Kubadili Ajira

Wengi wetu hapa Unguja tukifikiria kuacha kazi, jambo la mwanzo ni kuulizia nani anaajiri, na ni nadra mtu kukaa akajiuliza kwanza amechoka na nini. Ofisi ninayoiandikia tathmini hii, iliyoko ghorofa ya kwanza ya nyumba moja ya Mwanakwerekwe, imeijenga huduma yake yote juu ya swali hilo la pili, na kwa maoni yangu hapo ndipo inapozishinda huduma nyengine nilizoziona, ambazo huishia kumwandikia mtu wasifu na barua ya maombi. Msimamizi wake ameomba isitajwe kwa jina kwa kuwa hupokea watu wachache kwa wakati mmoja. Nimeikubali rai yake, kwani ninalolitaka ni msomaji apate kipimo cha kuipimia huduma yoyote ya aina hii atakayoiendea.

Nilikwenda nikiwa mshika hesabu za stoo na manunuzi katika hoteli moja ya ukanda wa mashariki, kazi niliyoifanya kwa miaka kadhaa na kuifahamu vizuri. Niliingia na wazo lililokwishakomaa kichwani, la kuachana na uhasibu kabisa na kusomea utembezaji wa watalii, kwa kuwa wenzangu waliofanya hivyo walionekana wana raha kuliko mimi. Mshauri niliyepangiwa ni mama mtu mzima, aliyekuwa afisa utumishi kabla ya kustaafu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akaniambia wazo langu ataliweka pembeni kwanza. Hakusema ni zuri wala ni baya. Alinipa daftari na kunitaka kwa wiki nzima niandike kila kazi niliyoifanya, saa yake, na mbele yake alama moja: nimeifanya kwa moyo, nimeifanya kwa sababu lazima, au nimeifanya kwa chuki.

Zoezi hili ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote katika huduma hii. Mtu akiulizwa anapenda kazi gani, hujibu kwa majina ya vyeo, na vyeo havionyeshi saa nane za siku zinavyopita. Daftari langu lilikuwa na mambo kama kupokea samaki alfajiri na kupima uzito wa kila kapu mbele ya mvuvi, kulinganisha ankara za mboga na kilichoingia jikoni, kuhesabu madumu ya mafuta ya kupikia, kumfuata mpishi mkuu kumweleza kwa nini siagi imetumika kuliko ilivyokadiriwa, na kungojea gari la wafanyakazi barabarani usiku. Mama yule alilipitia ukurasa kwa ukurasa, kalamu mkononi, akazungushia duara kila penye alama ya chuki. Karibu duara zote ziliangukia usafiri, kulala katika nyumba za wafanyakazi mbali na familia, na zamu zinazobadilishwa bila taarifa. Kwenye ankara na mizani hapakuwa na hata duara moja.

"Wewe hujachoka na hesabu, mwanangu," aliniambia. "Umechoka na mahali unapozifanyia."

Kauli hiyo ilinifaa kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa kuhusu kazi, kwa sababu mtu aliyechoka na mahali akibadilisha fani hupoteza ujuzi wa miaka, na aliyechoka na fani akibadilisha mahali huuhamisha uchovu wake kutoka ofisi moja kwenda nyengine. Ukimwendea mshauri wa kazi asiyekusaidia kuvitenganisha viwili hivyo, fedha zako zimekwenda bure, hata akikuandikia wasifu wa kupendeza namna gani.

Baada ya daftari hufuata dodoso, nalo sikulipenda sana. Limetokana na nadharia ya John Holland, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyewagawa watu na kazi katika makundi sita: wa kazi za mikono na vyombo, wachunguzi, wasanii, wenye kuwahudumia na kuwafunza wenzao, wenye kuongoza na kufanya biashara, na wapenda mpangilio na kumbukumbu. Fikra ya msingi, kwamba mtu hutulia zaidi katika kazi inayofanana na tabia yake, ina mantiki, na matokeo yangu yalikubaliana na daftari. Tatizo ni kwamba mifano ya kazi iliyomo haijaletwa nyumbani vya kutosha. Msichana wa Paje anayelima mwani, anauanika, anapanga bei na mnunuzi na kuwafundisha wenzake anaingia makundi matatu kwa siku moja, na dodoso halimpi pahala. Mshauri mwenyewe analijua hilo na hulitumia kama kianzio cha mazungumzo tu. Hata hivyo, ofisi inayotoza fedha ingekuwa imeshaliandika upya kwa kazi za huku: karafuu, uvuvi, utalii, ushoni, ualimu wa skuli na wa madrasa.

Sehemu inayohusu wakati wa kuondoka imeandaliwa kwa umakini mkubwa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapoumia. Ofisi haitoi jibu la jumla kwamba mtu aondoke baada ya miaka mingapi. Inakupa jaduweli ya miezi 12, na katika kila mwezi unaandika kinachoingia na kinachotoka nyumbani kwako, pamoja na vitu ambavyo bajeti nyingi za kuigwa huvisahau: futari na mahitaji ya Ramadhan, nguo za Sikukuu, sare na madaftari ya skuli, michango ya harusi na ya msiba. Kisha juu yake unaweka msimu wa kazi yako. Kwa sisi wa hoteli msimu unajulikana: wageni hupungua wakati wa masika, Machi hadi Mei, baadhi ya hoteli hufunga kwa matengenezo, na mambo huchangamka tena kuanzia Juni au Julai. Kwa miaka hii Ramadhan imekuwa ikiangukia Februari na Machi, kwa hivyo matumizi ya Sikukuu yanakuja kukutana na mwanzo wa miezi iliyo mikavu kwa ajira. Anayeacha kazi ya hoteli mwezi wa Machi kwa hasira za siku moja anaingia sokoni wakati waajiri wenyewe wanapunguza watu. Niliyaona hayo kwenye karatasi kwa macho yangu, na barua niliyokuwa nimeiandika kichwani ikasogea mbele kwa miezi.

Jambo jengine la kusifiwa ni kwamba wanaruhusu, na kwa kweli wanahimiza, uje na mwenza wako au mzazi katika kikao cha fedha. Ushauri mwingi wa kazi tunaoupokea kutoka nje humchukulia mtu kama aliye peke yake duniani, na kwetu sivyo, kwani mshahara mmoja hugusa nyumba tatu. Nilikwenda na mke wangu. Ni yeye aliyekumbusha kuwa zamu yake ya upatu ilikuwa inakuja, na kwamba fedha ile, ikiwekwa badala ya kununuliwa kabati, ingetubeba kipindi chote cha mpito. Mimi nisingeliwaza hilo peke yangu. Mshauri aliiandika katika jaduweli kama mstari wake, na kwa mara ya kwanza suala la kuondoka likawa na tarehe iliyosimama juu ya hamadi ya kibindoni.

Kuhusu sheria, ofisi hii iko makini. Wengi wetu husoma mitandaoni maelezo ya haki za mfanyakazi yaliyoandikwa kwa ajili ya Tanzania Bara na kudhani yanatuhusu. Mambo ya kazi si ya Muungano: Bara wana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na tume yao ya usuluhishi, CMA, na sisi tuna Sheria yetu ya Ajira Namba 11 ya 2005 pamoja na Sheria ya Mahusiano Kazini ya mwaka huo huo. Mshauri aliusoma mkataba wangu kifungu kwa kifungu akanionyesha muda wa notisi, likizo niliyokuwa bado sijaichukua na namna ya kuidai kwa maandishi. Pia alinituma kuchukua taarifa ya michango yangu katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, na kuilinganisha na karatasi zangu za mshahara mwezi kwa mwezi kabla sijapeleka barua, kwani makato yanayoonekana kwenye karatasi ya mshahara yanapaswa kuonekana na kule kwenye mfuko, na penye pengo ni rahisi zaidi kuuliza ukiwa bado mfanyakazi. Yangu yalikuwa sawa. Ushauri huu peke yake ningeutoa bure kwa kila mtu.

Hatua ya mwisho ni kukutanishwa na mtu anayeifanya kazi unayoifikiria. Nilikaa asubuhi nzima na mhasibu wa kampuni ya kuagiza vyakula hapa Mjini, nikamtazama akifungua hesabu, akipokea simu za bandarini na kugombana kwa adabu na wadaiwa. Alinieleza wazi kwamba bila ya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, ambayo hufanyika Mei na Novemba, ningebakia ngazi ile ile niliyokuwapo, hata nikihama mara ngapi. Taarifa kama hii haipatikani katika tangazo la kazi. Sasa nafanya kazi Mjini, katika hesabu zile zile za stoo, nalala nyumbani kwangu, na ninasoma jioni kwa ajili ya mitihani hiyo.

Kasoro zipo, na baadhi si ndogo. Ya kwanza ni usiri. Wanaongojea zamu hukaa kwenye benchi la ukumbini, mlango wazi, ngazi ikipandwa na wateja wa fundi cherehani wa chumba cha pili. Unguja ni ndogo, na mtu akikuona pale kwa mshauri wa kazi, habari inaweza kumfikia bosi wako kabla ya magharibi. Kwa huduma inayomtaka mtu afungue mkataba wake na mshahara wake, benchi lile ni kosa ambalo pazia moja na miadi ya kupishana ingelimaliza.

Ya pili inahusu wanaotaka kuingia serikalini. Ujuzi wa ofisi juu ya hoteli, biashara na mashirika ni wa kuaminika, ila nilipowauliza kwa niaba ya mdogo wangu kuhusu ajira zinazopitia Tume ya Utumishi Serikalini, nilipata maelezo ya juu juu tu, na nilitarajia zaidi kutoka kwa watu waliowahi kuwa ndani ya utumishi. Vijana wetu wengi waliomaliza SUZA na vyuo vyengine wanaitazama Serikali kwanza, baadhi wakingojea kwa miaka bila ya kufanya lolote jengine, na hao ndio wanaohitaji zaidi kuambiwa namna ya kungojea huku wanajenga ujuzi.

Na Pemba imesahauliwa. Mtu wa Wete au Mkoani anapewa vikao kwa simu, na daftari analipiga picha na kulituma. Nimezungumza na mmoja aliyepitia njia hiyo. Aliisifu jaduweli ya fedha, lakini daftari, ambalo ndilo moyo wa huduma, lilipitiwa kwa haraka na bila ya yale maswali madogo madogo yanayoulizwa ana kwa ana. Siku mbili za Chake Chake kila baada ya miezi michache zingetosha kuanzia.

Malipo ni shilingi 60,000 kwa mfululizo mzima, na yanaweza kutolewa kwa mafungu mawili. Kwa anayepokea mshahara hiyo ni bei ya haki, ukizingatia saa anazokaa nawe yule mama. Kwa kijana asiye na kipato ni nzito, na ningependa kuona punguzo kwa wanaomaliza mafunzo ya amali, ambao wana ujuzi mikononi na hawana wa kuwaonyesha njia. Aliyekwishaamua kuondoka na anayetaka tu barua nzuri ya maombi asiende huko, kwani watamrudisha kwenye daftari na atahisi anacheleweshwa. Anayefaa kwenda ni yule anayeamka kila siku akisema ataacha kazi na hajui anataka kuacha kitu gani hasa. Achukue mkataba wake, karatasi za mshahara za mwaka mzima na taarifa ya ZSSF, aombe miadi ya baada ya alasiri siku ya Jumatano, ambapo fundi cherehani hufunga mapema, na kama ana mwenza, waende pamoja kikao cha fedha.