Uzoefu wangu: Huduma ya kutafuta hitilafu inayokuja na kupotea kwenye kompyuta ya gemu

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya uchunguzi wa hitilafu za kompyuta, inayotolewa na fundi mwenye karakana ndogo maeneo ya Sinza, Dar es Salaam. Nilimpelekea kompyuta yangu ya gemu baada ya duka moja la Kariakoo kuiongezea uwezo, kisha likashindwa kueleza kwa nini ilikuwa ikizimika. Ninaandika kwa kirefu kwa sababu hitilafu ya namna hii huwala watu fedha nyingi kuliko kifaa kilichokufa moja kwa moja. Kifaa kilichokufa hujulikana na kubadilishwa, lakini kinachougua leo na kuamka mzima kesho humfanya mtu anunue kila kitu kipya isipokuwa kile kilicho kibovu.

Mashine yenyewe ilikuwa na mazabodi (bodi kuu) ya B450, prosesa ya Ryzen 5 3600, kadi ya picha ya GTX 1660 Super, RAM ya gigabaiti 16 na pawa saplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ya wati 550. Duka lilisasisha BIOS, yaani programu ya msingi ya mazabodi, likaweka prosesa ya Ryzen 7 5700X3D, likaongeza vijiti viwili vya RAM vya kampuni nyingine ili kufikisha gigabaiti 32, na likafunga kadi ya RTX 3080 mtumba iliyotoka Dubai. Kazi ya BIOS ilifanyika vizuri na sina neno juu yake. Pawa saplai iliachwa ile ile. Nilipouliza kama itatosha nilijibiwa kwa hesabu: kadi inakula wati 320, prosesa 105, jumla 425, kwa hiyo zinabaki zaidi ya wati 100 kwa feni na diski. Ukiitazama juu juu, hesabu hiyo haina kasoro. Hata hivyo NVIDIA, kampuni iliyobuni kadi hiyo, yenyewe inapendekeza pawa saplai ya wati 750 kwa kadi hiyo, na sababu ya pendekezo hilo ndiyo iliyokuja kuwa kiini cha kadhia yote.

Dalili zilianza wiki ile ile. Wakati mwingine gemu ilijifunga na kunirudisha kwenye Windows, kila mara kwa ujumbe wa kosa tofauti, na mara chache ilitokea skrini ya bluu. Wakati mwingine kompyuta nzima ilikata kama mtu aliyechomoa waya ukutani, taa na feni zikafa kwa pamoja, kisha ikajiwasha yenyewe. Ningeweza kucheza jioni nzima bila tatizo, na kesho yake ikakata kabla mechi haijaanza.

Dukani walifungua kumbukumbu za matukio za Windows, wakakuta Kernel-Power namba 41, na wakasema Windows imeharibika. Waliifomati. Ilipokata tena wakabadilisha draiva (programu inayoiendesha kadi), na ilipoendelea wakaniambia kadi imechoka kwa sababu huenda ilitumika kuchimba sarafu za kidijitali, hivyo ninunue nyingine. Dhana ya uchimbaji si ya kupuuzwa, maana kadi nyingi za kizazi hicho ziliingia sokoni kama mitumba baada ya sarafu ya Ethereum kuachana na uchimbaji mnamo Septemba 2022. Ila dhana si kipimo, na mteja hapaswi kutozwa bei ya kadi nzima kwa sababu ya dhana. Isitoshe, tukio namba 41 halisemi Windows ni mbovu. Linasema tu kwamba kompyuta iliwaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Ndani ya maelezo yake kuna sehemu iitwayo BugcheckCode, na kwenye matukio yangu ya kukata ghafla ilikuwa sifuri, yaani Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa lake kabla umeme haujaondoka.

Hilo la sifuri nilionyeshwa na fundi wa Sinza, na ndipo nilipoanza kumwamini. Kabla ya kushika bisibisi alinikalisha akaniuliza maswali mengi, tena mahususi: ilikata gemu ikiwa inapakia au katikati ya mchezo? Ilikuwa kwenye menyu? UPS ililia? Ilijiwasha yenyewe au ulibonyeza? Aliniagiza nilete pia UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika), waya wa upanuzi na kebo zote zilizobaki kwenye boksi la pawa saplai. Kisha akagawa karatasi katika safu mbili, moja ya kukata umeme na nyingine ya programu kujifunga, akasema: "Kaka, mimi hapa naona wagonjwa wawili kitanda kimoja. Tukiwatibu pamoja hatutajua nani kapona."

Alianza na RAM kwa kuwa kipimo chake hakigharimu kitu. Aliwasha mashine kwa flashi yenye Memtest86+, programu inayofanya kazi kabla ya Windows kuamka, akaiacha izunguke usiku kucha. Asubuhi skrini ilikuwa na mistari myekundu ya makosa. Vijiti vyote vinne vilikuwa na maandishi ya kasi ya 3600, lakini jozi hizo mbili hazikuwa na chipu za aina moja wala mipangilio ya muda inayofanana, na duka liliwasha XMP na kuzilazimisha zote zifuate mwendo mmoja. Watu wengi huichukulia XMP kama kasi ya kawaida ya RAM, wakati kwa kweli ni kuivusha juu ya kiwango cha msingi kwa ahadi ya mtengenezaji wa jozi ile, na ahadi hiyo haihusu jozi nyingine iliyochomekwa pembeni yake. Kwa prosesa za familia hii AMD, mtengenezaji wake, inataja 3200 kuwa kasi rasmi, na hata hiyo hushuka vijiti vikiwa vinne. Fundi alizima XMP bila kugusa kingine chochote, akarudia kipimo, na makosa yakaisha. Alipojaribu kila jozi peke yake kwa 3600, zote mbili zilipita. Hakuna kijiti kilichokuwa kibovu, ila havikuweza kukaa pamoja kwa kasi ile.

Baada ya hapo gemu haikujifunga tena. Kukata umeme, hata hivyo, kuliendelea vile vile, na jambo hilo fundi alilipokea kwa furaha, kwa sababu sasa alikuwa na uhakika kwamba magonjwa hayo mawili hayana uhusiano.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonifundisha zaidi. Duka lilikuwa limeipima kadi kwa FurMark, programu ya kuitwisha kadi mzigo, ikachemka muda mrefu bila kukata, wakatangaza kwamba umeme unatosha. Fundi alirudia kipimo hicho mbele yangu na kweli haikukata. Akaeleza kwamba FurMark huipa kadi mzigo mzito usiobadilika, kwa hiyo hufaa kupima joto na upoozaji, lakini gemu haifanyi kazi hivyo. Gemu inapotoka kwenye kupakia na kuingia uwanjani, au inapofungua menyu isiyo na kikomo cha fremu, kadi huruka kutoka mzigo mdogo hadi mkubwa kwa kufumba na kufumbua. Wati 320 ni wastani. Ndani ya milisekunde chache RTX 3080 inaweza kuvuta zaidi sana ya hapo, na pawa saplai ndogo, hasa ya zamani kidogo, hulichukulia pigo hilo kama shoti na kujizima ili kujilinda. Multimita haikuweza kulionyesha. Fundi aliichomeka kwenye njia ya volti 12 nikaona namba ikitulia kwenye 11.9, ndani kabisa ya mipaka ya asilimia 5 inayoruhusiwa, kwa kuwa kifaa hicho husoma polepole mno na bila osiloskopu, kifaa kinachochora mabadiliko ya umeme papo hapo, pigo la milisekunde hupita bila kuonekana. Tatizo hili limekuwa kubwa kiasi kwamba kiwango cha pawa saplai cha ATX 3.0, kilichotolewa na Intel mwaka 2022, kinazitaka pawa saplai za kadi hizi kubwa zistahimili vipigo vya hadi mara mbili ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100.

Kwa kuwa hana osiloskopu, alithibitisha kwa njia nyingine. Kwanza alishusha kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 70 kwa programu ya MSI Afterburner na kuweka kikomo cha fremu (picha) 60 kwa sekunde, nikaichukua mashine nyumbani. Haikukata hata mara moja. Kisha akaifunga pawa saplai yake ya majaribio ya wati 850, akarudisha kadi kwenye uwezo wake wote, na bado haikukata. Mafundi wengi wangeishia hapo na kuandika bili. Yeye alirudisha ile ya wati 550, na jioni hiyo hiyo ikakata palepale ilipozoea, mwisho wa skrini ya kupakia. Alisema hitilafu ambayo huwezi kuirudisha kwa makusudi hujaithibitisha bado, na msimamo huo ndio uliostahili fedha nilizolipa.

Alipoifungua mara ya mwisho alinionyesha plagi ya kadi. Duka lilikuwa limelisha matundu yote mawili ya pini nane kwa kebo moja yenye vichwa viwili. Kila tundu la pini nane limekadiriwa wati 150, hivyo mshipi mmoja ulikuwa ukibebeshwa mzigo wa mishipi miwili. Kona moja ya plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, na ilipochomoka ilinata kidogo. Alijaribu pia pawa saplai ya zamani kwa kebo mbili tofauti, ikakata vile vile, kwa hiyo kebo haikuwa chanzo cha kukata. Lakini ingeachwa, ingekuja kuwa balaa lake lenyewe.

Kuhusu umeme wa nyumbani, alipima soketi na UPS na kuvitoa katika orodha ya watuhumiwa, ila akaniambia jambo ambalo wauzaji hawalisemi. UPS yangu imeandikwa kwa herufi kubwa VA 1000, na nyuma, kwa herufi ndogo, wati 600. Mzigo wa kompyuta huhesabiwa kwa namba ya pili. Kwa mashine hii wati 600 zinatosha kuokoa kazi na kuzima salama umeme wa TANESCO ukikatika, si kuendelea kucheza.

Sasa kasoro za huduma, maana zipo. Muda haukuheshimiwa: kila hatua ilichukua zaidi ya alivyoahidi, na simu yangu haikupokelewa kila mara. Hakunipa makadirio ya gharama kwa maandishi mwanzoni, ingawa bili ya mwisho ilikuwa ya haki, chini ya nusu ya bei ya pawa saplai mpya niliyonunua. Karakana ni finyu na yenye vumbi, na kompyuta za wateja hupangwa sakafuni. Kwa pawa saplai mpya ya wati 850 alikuwa na chaguo moja tu, na waranti yake ni ya muuzaji, si ya mtengenezaji, jambo la kawaida kwetu lakini linaloumiza kifaa kinapokufa mwaka wa pili. Ningependa pia atoe ripoti iliyochapwa. Aliyonipa ni ile karatasi yake ya safu mbili, yenye tarehe, vipimo na majibu, kwa mwandiko wa haraka.

Karatasi hiyo, hata hivyo, ilifanya kazi. Niliipeleka dukani pamoja na plagi iliyoungua. Baada ya mabishano marefu walikubali kurudisha fedha za vijiti viwili vya RAM, wakanibadilishia kwa jozi moja ya gigabaiti 32 niliyoiongezea tofauti ya bei. Gharama ya kufomati, ya draiva na ya ufundi wa Sinza hawakuigusa. RTX 3080 waliyotaka niitupe ndiyo ninayoitumia mpaka sasa, kwa uwezo wake wote, joto la Januari la Dar es Salaam likiwa juu yake.

Ninampa nyota nne kati ya tano. Atakayempelekea mashine asiondoe kitu chochote kwanza na asiifomati, kwa sababu kumbukumbu za matukio ndizo atakazoomba kuziona kabla ya yote. Aje na kebo zake zote, aandike saa na hali ya kila tukio, na adai makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya kuacha kompyuta pale.