MongoDB na wafuasi 38,000: uzoefu wangu

Nina app ndogo ya mashairi. Mtu anatunga, anaweka, wenzake wanamfuata. Nimeijenga juu ya MongoDB, hifadhidata inayotunza taarifa kama dokumenti, tangu siku ya kwanza na sijaihama, ila suala la wafuasi lilinitoa jasho. Niseme mapema kwamba kosa lilikuwa langu, si la hifadhidata.

Mwanzoni nilikata njia ya mkato. Ndani ya dokumenti ya kila mtumiaji, yaani rekodi yake moja yenye taarifa zake zote, niliweka orodha mbili: wanaomfuata na anaowafuata. Ilikuwa raha tupu. Ukiuliza mara moja, unapata jina, picha, wafuasi, kila kitu. Kwa watumiaji mia tatu wanaofuatana wao kwa wao, sikuona ubaya wowote.

Kisha akaja malenga mmoja ambaye watu walimpenda kweli. Ndani ya miezi michache akafikisha wafuasi 38,000. Siku moja mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, akaniandikia: "Mwanangu, hii app yako inameza bando. Nikigusa jina la yule malenga tu, MB zimekwisha." Nikadhani ni picha. Nikafungua dokumenti ya yule malenga kwenye kompyuta, vitambulisho vya wafuasi wake vikaanza kushuka kwenye skrini kama mvua ya masika, mpaka nikaufunga ule ukurasa kwa hasira.

Nikapiga hesabu. Kitambulisho cha MongoDB ni baiti 12, lakini kikikaa kwenye orodha kinabeba na namba ya nafasi yake, hivyo kinafika baiti 19 au 20. Mara 38,000, tayari ni zaidi ya kilobaiti 700. Kikigeuzwa JSON, yaani maandishi ya kawaida, kwenda kwenye simu, kila kimoja kinakuwa herufi 24 pamoja na alama za nukuu na mkato, jumla inapita megabaiti moja. Na mimi nilikuwa narusha dokumenti nzima kila mtu alipotazama wasifu! Ningeweza kuchagua sehemu chache tu za kurudisha, na usiku ule ule nilifanya hivyo, lakini ilikuwa kutia kiraka. Dokumenti moja haivuki megabaiti 16, maana yake orodha ingegota kwenye wafuasi laki nane na ushee. Sina matarajio ya kufika huko, ila kila mfuasi mpya alikuwa anafanya dokumenti ile nono iandikwe upya.

Kilichoniudhi zaidi ni orodha mbili kutokubaliana. Seva ikizimika katikati, Asha anamfuata Juma, ila Juma hana habari na Asha. Muamala wa dokumenti zaidi ya moja, yaani mabadiliko yote yafanyike au yasifanyike kabisa, upo tangu toleo la 4.0 la mwaka 2018, lakini unataka seva iwashwe kama replika, yaani kundi la seva zinazonakiliana, hata ikiwa peke yake. Yangu nilikuwa nimeiwasha kawaida, ikanigomea.

Sasa kila ufuasi ni dokumenti yake, kwenye kolekisheni yake, yaani kundi la dokumenti za aina moja: anayefuata, anayefuatwa, tarehe. Basi. Nimeweka faharasa mbili, zile orodha zinazosaidia hifadhidata kutafuta haraka. Ya kwanza ni ya kipekee, hairuhusu jozi kujirudia, na inaunganisha anayefuata na anayefuatwa. Mtu akibonyeza kitufe mara mbili kwa sababu mtandao unasuasua, ya pili inakataliwa kwa kosa namba 11000, nami nalipuuza kimya kimya. Faharasa ya pili inaanzia upande wa anayefuatwa, nayo ndiyo inayonipa wafuasi ishirini ishirini, wapya kwanza. Usiisahau hiyo, la sivyo utasubiri mpaka chai ipoe.

Idadi ya wafuasi bado inakaa kwenye wasifu, naiongeza kwa $inc, amri ya MongoDB ya kuongeza namba. Huwa inateleza kidogo, kwa hiyo saa tisa usiku kuna kazi inayohesabu upya.

MongoDB naipa nyota nne. Ukiniuliza kama Postgres, hifadhidata ya majedwali, ingefanya kazi hii hii, ndiyo, tena bila jasho. Pale ninapokwama bado ni mapendekezo ya "watu unaoweza kuwajua". Amri ya MongoDB iitwayo $graphLookup ipo tangu toleo la 3.4 na inaweza kutembea kutoka mfuasi hadi mfuasi, ila ikifika kwa yule malenga seva yangu ndogo inahema. Kwa hiyo mapendekezo nayaandaa mara moja kwa wiki, na ndiyo maana yule mama bado anapendekezewa watu aliowafuata juzi.