Popo wa Kidike, Pemba: kiingilio msikipiganie bei

Mimi ni mzaliwa wa Wete, kazi ndiyo iliyonihamishia Unguja, na utu uzima wote huu nilikuwa sijafika Kidike, kwenye hifadhi ya popo. Safari hii nilikwenda na baba yangu, ana miaka 74, pamoja na mwanangu wa darasa la nne.

Ukitoka Chake Chake kuelekea Wete unaiacha lami, unafuata njia ya udongo. Tulifika saa nane, jua kali. Kijana aliyetupokea alimwamkia baba, akatuomba tusipige makofi wala kelele ili popo wasiruke. Kuna watu, anasema, huwarusha makusudi wapate picha, na mama aliyebeba mtoto ndiye anayeumia.

Tuliwaona wananing'inia kichwa chini, mamia kwa mamia, manyoya ya hudhurungi iliyoiva, uso kama wa mbweha. Mmoja alikuwa karibu kabisa. Alikunjua bawa moja, akawa anajipepea taratibu kama bibi anayepepea jiko, kisha akaanza kulamba kifundo. Wakitanua mabawa yote mawili hupita mita moja na nusu. Mwanangu alinishika mkono, akanong'ona: "Mama, ananitazama."

Baba ndiye aliyenishangaza. Alikaa kwenye gogo akasema ujanani walikuwa wakiwapiga kwa bunduki ya marisau. "Risasi moja waanguka watatu, na waliojeruhiwa wanakwenda kufia porini. Nyama yake tuliipenda, mwanangu. Hatukujua kuwa hawapo kwengine." Na kweli hawapo: popo huyu anaishi Pemba tu, duniani kote. Mwaka 1996 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, ilimweka katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Leo wamerudi kwa maelfu.

Jamii yake imo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini kuvuka mipaka. Ni kinga ya lazima. Lakini mkataba uko bandarini, na bunduki ilikuwa chini ya mti. Chini ya mti yupo mwanakijiji, naye akiona faida ya popo aliye hai, atamlinda. Ndiyo maana nawasihi, lipeni kiingilio bila kuvutana, na mwongozaji mpeni chake.

Dereva tuliyemkodi alikasirika tulipokataa kuondoka saa tisa, akatuacha. Si kitu, mwengine alipatikana. Patana na dereva mapema kwamba mtakaa hadi magharibi, kwa sababu hapo ndipo wanapoondoka kwenda kwenye miembe na mishelisheli. Waliondoka wachache wachache, halafu mbingu ikajaa. Baba alianza kuhesabu kwa sauti, akafika mia mbili na kitu, akanyamaza, akabaki anatazama juu.

Chukueni darubini na maji ya kunywa. Watoto wavae viatu vya kufunika, maana mvua ikinyesha udongo ule unateleza sana.